Kabla ya Jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi mji huu ulitupa jembe palepale stendi,
mabegi yangali mkononi:
wewe rungu na koti zito la ulinzi,
mimi cherehani ya mkopo kwenye kibaraza cha watu.
Miaka thelathini na moja, Kondo.
Juzi ulirudisha koti, wakakupa bahasha na soda.
Leo alfajiri nikakwambia: vaa viatu vya Idi,
twende tukadai zile siku mbili.

Tulianzia Boma la Kale.
Binti wa mlangoni akauliza, "Wenyeji au wageni?"
maana kiingilio kina bei mbili.
Wewe ukasita. Mimi nikajibu,
"Wageni, lakini kwa bei ya wenyeji."
Akacheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Ndani, kuta za matumbawe,
nene kiasi kwamba dirisha linameza mkono mzima.
Wazungu wawili walikuwa wakitazama picha za zamani.
Wewe ulitazama kitasa.
"Hiki," ukaninong'oneza, "kinafunguka kwa kijiko."
Nikakufinya kiwiko:
leo hulindi kitu cha mtu.

Samora uliniongoza wewe.
Miaka yote nilidhani naujua mtaa ule,
kumbe nilijua mchana wake tu.
"Hapa nililala wima, mwaka ule wa mafuriko.
Hapa mwizi mmoja alinigawia sigara.
Mlango huu, ikifika saa tisa usiku, hukohoa."
Tulipofika kwenye sanamu ya askari,
singe yake imeelekea bandarini mvua na jua,
ukasimama mbele yake, ukanyoosha mgongo.
"Huyu naye," ukasema, "hajapewa likizo."

Njiani nikakuonyesha kanisa la Wagiriki.
Nikauliza, hawa walifuata nini huku?
"Katani," ukajibu. "Mlinzi wao nilimjua,
tulikuwa tukiazimana kiberiti."
Basi. Historia yote ya Wagiriki
ikatosha ndani ya kiberiti kimoja.

Kariakoo ni kwangu. Pale ulinyamaza ukabeba mfuko.
Nikamwambia kijana wa duka: nataka nguo ya kulalia,
ya mwanamume, suruali na shati, vifungo kamili.
"Mama, wanaume siku hizi wanalala na bukta."
Huyu hajawahi kulala usiku, mwanangu,
lazima aanze kwa heshima.
Alianza na elfu thelathini na tano.
Nikageuza shati, nikamwonyesha mshono unavyokimbia,
nikamtajia aina ya uzi na tabia ya fundi.
Tukaachana kwa elfu kumi na nane,
naye akaniomba nirudi Jumatatu, nimfundishe kukagua mzigo.

Usiku, Kinondoni. Bendi, magitaa matatu,
mishkaki inalilia mkaa, ndizi zina chumvi ya kutosha.
Getini kijana wa ulinzi akakuamkia, "Shikamoo mzee, karibu ndani."
Ndani!
Ukamshika mkono muda mrefu kuliko salamu,
ukamwagizia chai, ukamwonya kuhusu ukuta wa nyuma.
Kisha ukachagua kiti kinachotazama mlango.
Sikukuhamisha. Mazoea nayo yana haki ya kukaa.

Lakini gitaa lilipopanda, uliinuka mwenyewe.
Hatua nne kulia, geuka,
hatua nne kushoto, geuka:
doria ileile ya benki, safari hii ikiwa na mdundo.
Vijana wakadhani ni mtindo wa zamani.
Meza ya pili wakaanza kukuiga, wanakosea pale pa kugeuka,
nami nikacheka hadi nikatafuta leso.

Sasa ni saa tisa.
Umelala na shati lako jipya, mikunjo ya dukani bado imekaza.
Hapana, hujalala. Nimekusikia ukiamka pole pole,
ukijaribu komeo, ukimsikiliza mbwa wa jirani,
ukirudi kitandani kama mtu aliyefika nyumba ya watu.

Sogea huku, mgeni wangu.
Kesho ni siku ya pili.
Jembe nimeliacha nje, ukutani.
Lijilinde.