Mjumbe Asiyetia Chumvi

Kwa fundi Kilua, barabara ya kumi na tano,
mashine mbili mezani, hakuna inayoimba.
"Hizi husoma tu," ananiambia,
"sauti ni kazi ya kigeuzi chako kule nyumbani.
Hapa unanunua mjumbe."

Ya kwanza nyepesi, rangi ya fedha,
trei yake hutoka kama ulimi wa mtoto kwa daktari.
Ya pili kilo kumi na moja,
mfuniko wa juu, wa kusukuma kwa kidole,
na bei yake, astaghfirullah, ni bati za nyumba nzima.

Nimekuja na sidii moja:
harusi ya Chumbageni, mwaka wa tisini na nane.
Dakika ya nne kiti kinaburutwa,
halafu mama anacheka,
mara moja tu, hajui kinasa kimewashwa.

Zulekha akanifunga macho kwa mtandio,
akawa anabadili waya kimya kimya.
Nikabashiri mara sita.
Nikakosa nne.
Kilua akajifanya anatafuta bisibisi.

Basi nikauliza lisilo la masikio:
ipi itadumu na hewa yetu,
hewa inayokula bawaba, kufuli, hata funguo mfukoni?
Akaigonga ile nzito. Haikuitika.
"Chumvi haitaiingia upesi hii,
wala yenyewe haitatia ya kwake."

Nikaibeba kifuani hadi Makorora,
nikisimama kila kona kupumua,
Zulekha nyuma, sidii mkobani.

Usiku umeme ukakatika.
Tukakaa gizani, sidii imo, mfuniko umefungwa,
na mama bado hajacheka.