Mstari wa Thelathini na Moja

Ilgvars aliponikabidhi funguo za chumba cha seva
alinikabidhi na faili moja la bechi, mistari arobaini,
lenye umri kuipita shahada yangu.
"Huyu ndiye punda wetu," alisema. "Usimpige, atakwenda."
Kisha akavaa kofia yake ya sufu, akashuka ngazi,
akastaafu.

Idara ya Maji, Jelgava, mwezi wa pili.
Nje mto Lielupe umeganda; ndani bomba la joto linakohoa.
Watu mia mbili na kumi na wawili huwasha kompyuta saa mbili asubuhi,
na kahawa haijapoa, faili langu limeshawapitia
mlango kwa mlango kama mgawa barua:
ikoni haipo, nakili;
ipo, pita, usibishe hodi.

Napenda njia ya mkato. Haina uzito.
Si programu, ni kidole tu
kinachoelekeza nyumba iliyo mbali.
Njia ya mwongo ni fupi, lakini fupi hii haidanganyi:
ukibofya, unafika.

Ila mstari wa thelathini na moja ulinikera.
*Kama jina la mashine ni BILI-07, ruka hadi mwisho.*
Bila maelezo, bila tarehe.
Nikasema: kiraka cha tundu lililokwisha zibwa,
uvivu wa mzee.
Nikaufuta.
Jumatatu nikatuma programu mpya ya ankara,
ikoni ya kijani yenye tone la maji,
nikakaa nikitazama kumbukumbu za seva zikijipanga:
imewekwa, imewekwa, imewekwa.

Saa mbili na dakika ishirini, simu.
Ghorofa ya tatu. Sauti kavu ya mwanamke, haina hasira:
"Kuna kitu kimemkalia Arvīds usoni."

Velta Strautmane, miaka ishirini na tisa ya malalamiko ya wateja,
kalamu nne za risasi, zote zimechongwa.
Kwenye skrini yake, mwanamume juu ya baiskeli,
macho kayafinya kwa jua la kiangazi fulani.
Kushoto, ikoni zimesimama safu moja toka juu hadi chini
kama watu wanaongoja mkate,
na katikati ya safu paliachwa pengo,
pa mtu mmoja,
pa uso wake.
Sasa penye uso pana tone la kijani.

Kompyuta hutafuta nafasi tupu ya kwanza.
Haikufundishwa, wala mimi sikufundishwa,
kupambanua nafasi tupu
na nafasi iliyoachwa.

"Nimeifuta mara tatu," akasema.
"Kila nikiwasha upya, inarudi."
Nikanyamaza. Najua kwa nini inarudi.
Haipo, nakili. Haipo, nakili.
Ndivyo nilivyoiamuru.

Nikaishika kwa kipanya, nikaivuta pembeni,
polepole, kama anayeondoa mdudu
kwenye shavu la aliyelala.
"Iweke wapi?"
Akafikiri.
"Kwenye gurudumu la nyuma.
Lile lilikuwa na pancha siku zote."

Niliporudi chini niliurudisha mstari mahali pake.
Sijui kwa nini Ilgvars hakuandika neno juu yake.
Labda aliona haya.
Labda alipenda kupanda ngazi zile.
Mimi nimeandika, kwa alama ile
inayoiambia mashine iruke bila kusoma,
kwa yeyote atakayemrithi punda huyu baada yangu:

*BILI-07 huwekewa kwa mkono.
Panda ghorofa ya tatu.
Uliza kwanza.*