Skrubu Nne

Chumba cha kufulia cha hospitali, hapa Punta Arenas,
kiko chini ya ardhi. Upepo wa kusini hautufikii.
Tunazisikia mashine tu: tatu zinazozunguka,
na moja inayolalamika.

Kando ya mlango, usawa wa kifua,
lilitundikwa sanduku la chuma, rangi ya maziwa.
MAONI YAKO NI HAZINA, liliandikwa ubavuni.
Hazina kweli: lilifungwa,
na ufunguo hakuna aliyejua uliko.

Eduvina Barría alitumbukiza karatasi mwezi Machi.
"Mashuka ya wodi ya pili yana sindano ndani. Si moja."
Mwezi Mei akatumbukiza nyingine, kwa herufi kubwa zaidi,
kana kwamba sanduku lina macho mabovu.
Lisemwalo lipo; lisilosomwa, lachoma.
Mwezi Juni lilimchoma Nolberto kidole cha shahada.
Miezi mitatu akingoja majibu ya damu
alimbeba mwanawe mchanga kwa glavu.

Mikutano tulikuwa nayo, usidhani hatukuwa nayo.
Kila Ijumaa ya mwisho: kahawa, biskuti,
na bwana Arístides akiuliza, "Kuna mwenye neno?"
mkono wake umeshashika kitasa.
Swali la kisogoni hujibiwa na ukuta.
Tulisema hakuna. Aliandika: hakuna.
Ripoti yake ikapanda ghorofani
safi kuliko shuka lolote tulilowahi kufua.

Nami, nisijitie utakatifu, nilicheka.
Nilimwambia Eduvina, "Unamwandikia marehemu."
Alikuwa akikunja foronya. Hakuinua kichwa.
"Naandika," alisema, "ili siku wakiuliza
wasije wakasema hatukusema."

Arístides alistaafu. Akaja Ivanka Yutronic, kutoka jikoni,
mikono bado ina makovu ya tanuri.
Aliuliza ufunguo kabla hajauliza majina yetu.
Tulipekua droo, tukapekua mifuko ya makoti ya zamani.
Basi akamwita fundi bomba na msumeno wake,
akazima mashine zote, hata ile ya malalamiko,
na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi chumba kile kilivyo kimya.

Karatasi sitini na moja.
Ganda la peremende. Tiketi ya bahati nasibu, haikushinda.
Aliketi juu ya kapu la nguo chafu, akazisoma zote kwa sauti,
hata ile iliyowatukana wasimamizi na mama zao.
Hakujitetea. Hakuuliza hii ya nani.
Kwenye sindano alisimama.
"Zinatoka zamu ipi? Nani hutandua vitanda?
Pipa la sindano liko wapi?"

Eduvina aliongea dakika arobaini.
Miaka tisa tumefua pamoja, sikujua ana maneno mengi hivyo.
Alijua yote. Pipa lilipigiliwa ukutani nyuma ya mlango;
usiku mlango huachwa wazi ili wagonjwa wasikike,
na pipa hufichwa; muuguzi, mikono imejaa,
huweka sindano kitandani, "nitairudia",
halafu kengele inalia kitanda cha saba.
Ghorofani hakuna aliyelijua hilo,
kwani ghorofani hakuna aliyewahi kulifungua shuka asubuhi.

Pipa likasogezwa mita moja.
Mita moja, na skrubu nne.

Sisemi tumefika peponi.
Ombi la mishahara lilirudi na hapana,
ila hapana yenye sababu, yenye sahihi, yenye jina la mtu
ambaye unaweza kupanda ngazi ukabishane naye. Tumepanda mara mbili.
Damu ya Nolberto ilitoka salama,
lakini bado hulikung'uta kila shuka kabla hajaligusa.
Sanduku halina mlango sasa. Eduvina huwekamo majani ya chai.

Jana Ivanka alisimama mbele ya mashine ya nne,
sikio kwenye bati, macho kwangu,
kwangu mimi niliyecheka.
"Wewe umeisikiliza miaka tisa," alisema. "Inasema nini?"
Hakushika kitasa chochote.
Nilijipangusa mikono kwenye aproni,
nikaanza.