Saba Mara Nane

Zamani nilifundisha kwa chaki na koo.
Saba mara nane! nawatupia,
nao wananirudishia, hamsini na sitaaa,
mabati ya shule yanatetemeka Mwandiga nzima.
Ukiwasikia kutoka barabarani ungesema hawa wameiva.
Lakini mguse mmoja bega, msimamishe peke yake,
jibu linamteleza
kama aliyepaka mawese viganjani.

Devota nilimpa sifuri Jumatatu,
sifuri ya wino mwekundu, duara safi,
kusema kweli niliionea fahari kidogo.
Jumanne, saa ya uji, nikamkuta nyuma ya jiko
amechutama kwenye shimo la mdako.
Kijiwe juu, mkono chini, komba, daka,
rudisha, bakiza viwili,
kijiwe juu tena kabla jicho langu halijashuka.
Vimebaki vingapi humo? nikamuuliza.
Hakutazama shimo. Alitazama kijiwe chake angani.
"Kumi na tisa, Mwalimu. Vingekuwa ishirini,
Butoyi kaficha kimoja mdomoni."
Butoyi akatema.

Usiku ule sikusahihisha daftari la mtu.

Jumatano nikawatoa nje wote.
Vijiwe tuliokota kando ya barabara ya Kasulu,
kokoto za mkandarasi, Mungu atusamehe.
Mashimo manane, kila shimo watoto saba.
Wakakimbia, wakasukumana, wakajipanga,
saba, saba, saba, vumbi jekundu hadi kwenye kope,
na shimo la nane likapata wanne.

"Hesabu imekataa," akasema Bukuru, yule pacha mkubwa,
ambaye hata akiomba ruhusa ya choo huonekana anatoa hukumu.
"Haijakataa," akasema Devota. "Saba mara nane ni sisi.
Watatu hawapo."

Nilikuwa nimeita majina asubuhi ile.
Nilikuwa nimeweka alama zangu, vema, vema, mkasi, vema,
miaka tisa naweka alama hizo
na sikuwahi kusikia mkasi ukiuliza kitu.

Tuliwatafuta. Zuhura alikuwa na homa, akapona.
Ntiba alikuwa akichambua chikichi kwa shangazi yake;
shangazi tukambembeleza, akanuna, akamwachia.
Yowabu hatukumpata. Baba yake kapata kazi
kwenye chumvi ya Uvinza, wameondoka hadi na godoro.
Shimo la nane likabaki na watoto sita.
Zamu ya saba ikifika wanangoja kidogo,
kisha wanaendelea.

Robo na nusu tulizipata kwenye rede.
Mpira wa soksi unakutafuta mgongo,
chupa inakungoja, mchanga kiganjani,
ukifikia kati unapiga kelele NUSU!
na sijaona mtoto akisahau robo
aliyoijaza huku akipigwa mbavuni.
Mwalimu mkuu akachungulia dirishani. "Madamu,
hii ni shule au gulio?"
Nikamwambia, gulioni hakuna anayekosea chenji.
Akafunga dirisha. Akalifungua tena.

Kisha akaja mkaguzi, viatu vinang'aa, faili kwapani.
Aliyaruka mashimo yetu moja moja
kama mtu anayevuka matope,
akaingia, akanyoosha kidole, kati ya wote,
kwa Butoyi.
"Wewe. Saba mara nane?"

Kimya. Nje mbuzi wa jirani alikuwa akila tangazo letu la kikao cha wazazi.
Shavu la Butoyi lilikuwa limevimba upande mmoja.
Akatema kijiwe, akakifuta kwenye kaptula,
akakishika kama kitu cha mwenyewe
anayeweza kurudi kukidai.

"Hamsini na sita," akasema,
"ila mmoja yuko Uvinza."

Mkaguzi aliandika jambo kwenye faili lake, refu.
Sikuomba kulisoma.