Ngeli ya Konokono

Nilifundisha Kiswahili Ujiji miaka kumi na tisa,
A-WA, LI-YA, chaki hadi kwenye kope,
ndipo Daktari Nyabenda akaniambia: una mwandiko mzuri,
njoo kituoni utuandikie kadi.

Basi naandika. Chupa moja, kadi moja,
wino usiofutwa na spiriti.
Faila: Moluska.
Ngeli: hapo nikacheka. Nilidhani nimeiacha shuleni,
kumbe imenitangulia huku, imevaa Kilatini.
Gastropoda. "Yaani tumbo ndilo mguu," akasema Daktari,
"mnyama anayetembelea tumbo."
Nikamwambia, mbona hao ni sisi sote,
mimi tumbo ndilo lililonitembeza toka Ujiji hadi hapa.
Hakucheka. Alikuwa kwenye hadubini, anahesabu meno ya konokono.

Hawa wa Tanganyika waliwasumbua watu.
Wageni wa zamani walishika kombe ufukweni,
nene, lenye mbavu, lenye miiba,
wakaapa: hili ni la bahari.
Wakaandika kwamba ziwa letu lilikuwa mkono wa bahari,
bara likajifunga, maji yakasahauliwa humu,
chumvi ikapungua polepole kama mshahara.
Hadithi nzuri. Ningependa iwe kweli.
Kisha wengine wakaliacha kombe, wakapasua nyama,
wakakuta ndugu zake ni wa mitoni, wa matopeni.
Kombe linasema Bahari. Nyama inasema Malagarasi.
Ukuta ule mnene, Daktari anaamini, ni kwa sababu ya kaa:
jirani mbaya hukufanya ufanane na watu usiowajua.

Aliyekuwa akituletea ni Asukulu, mzamiaji,
Mbembe wa Kibirizi, sikio moja bovu.
Alishuka kwenye miamba ya Katonga na mfuko wa wavu,
akapanda na midomo ya buluu, anadai chai.
Jenasi hakuzijali. Aliwaita kwa tabia zao:
Mng'ang'anizi. Lala-Mchana. Mke wa Jiwe.
Niliyaandika majina hayo nyuma ya kadi, kwa penseli.
Daktari hajui.

Sasa sarufi.
Konokono akiwa hai ni A-WA: huyu, anatambaa.
Akifa, nyama ikaoza, linabaki kombe:
hili, linaviringika.
Kifo kwetu huanzia kwenye kiambishi.
Niliwahi kusema hivyo darasani, nikajiona nimesema,
na mtoto wa nyuma, Nzohabonayo, akanyoosha mkono:
"Mwalimu, ni saa ngapi hasa anahama ngeli?"
Nikamwambia afute ubao.

Mwezi wa nne, mtungi uliisha hewa,
au sikio lilimdanganya juu ni wapi.
Siku ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu simu ya kituo ikalia,
mtu akasema kwa sauti ya chini: "Umepatikana."
U.
U-I, mwili, kama mti, kama mkate, kama mfuko.
Nilishika simu nikitaka kumsahihisha,
kalamu nyekundu imenijaa mkononi:
A, ndugu yangu. Sema A. Amepatikana.
Nikasema, "Asante kwa taarifa."

Mfuko waliuleta ndani ya ndoo, na maji yake.
Wawili watatu wangali wakitambaa ukutani mwa plastiki,
hawana habari.
Chini kabisa, kombe kuukuu la Neothauma,
jeupe, mwenyewe alishakufa zamani.
Nikavuta kadi. Hili, nikaanza moyoni, ni tupu,
limeokotwa Katonga na —

Samaki mdogo, urefu wa kucha,
akachungulia mlangoni,
akanitazama,
akarudi ndani kinyumenyume.

Kesho Daktari atauliza kwa nini mstari wa ngeli uko wazi.
Sijui nitamjibu nini.
Nyuma, kwa penseli, nimeandika neno moja:

Yumo.