Farasi, Ngamia, Kondoo, Mbuzi

Waliuleta ndani ya chupa ya chai,
umeviringwa skafu ya buluu, ile wanayopewa wageni wa heshima.
"Chupa tuliiosha kwanza," alisema mkewe, Tserennadmid,
kana kwamba ningemgombeza kwa majani ya chai.
Saa tisa njiani kutoka bonde la Orkhon,
gari la Kirusi, barafu, na mumewe kiti cha nyuma
akiutazama mguu wake kama wa mtu mwingine.
Pikipiki iliteleza. Basi.

Naujua mfupa huu.
Utotoni niliurusha juu ya zulia la bibi,
wa kondoo, uliong'arishwa na vidole vya watu waliokwisha kufa.
Una pande nne: farasi, ngamia, kondoo, mbuzi.
Farasi akitokea juu, umeshinda.
Sasa nimeushika wa mtu,
mzito kuliko nilivyodhani, una mchanga,
na vidole vyangu vimesahau mchezo.

Hakuna msuli unaoushika, hata mmoja.
Hukaa kati ya muundi na kisigino
kwa kubanwa tu na majirani,
ukilishwa na vijishipa vya damu vya kuhesabika,
na vyote vilibaki kwenye barafu ya mto.

"Tuutupe," akanong'ona Sodnom, msaidizi wangu.
"Tuunge muundi na kisigino, yaishe.
La kuvunda halina ubani."
Hakukosea.
Ila nilimtazama Gombosuren, mdomo wazi katika nusukaputi,
mfugaji wa farasi ishirini na mmoja,
nikauona mguu usiopinda
ukipapasa kikuku cha tandiko, ukikikosa.

Tukauosha. Lita tisa za maji ya chumvi, kisha dawa,
kisha burashi ya meno ya mtoto, mpya, ya waridi,
aliyokimbilia dukani nesi Yanjmaa.
Sodnom akakivuta kisigino kwa uzito wake wote,
nami nikausukuma kwa dole gumba.
Ukaingia.
Nilitarajia mlio. Hapakuwa na mlio.
Nyaya mbili kupitia kisigino, fremu ya chuma nje,
ngozi tukaishona kwa ubahili, maana haikutosha.

Wiki ya nane naipachika picha kwenye taa.
Mfupa uliokufa hubaki mweupe, msafi, kama sahani.
Ulio hai huingiwa na kivuli,
mstari mwembamba chini ya gamba lake:
damu imerudi, inabomoa ili ijenge.
Miaka yote hii bado hunishangaza
kwamba hapa habari njema ni nyeusi.

"Umelala upande gani?" anauliza Tserennadmid.
Nasogeza uso. Ukingoni ndani, kitu kama unywele.
Upande wa nje, bado.
"Nusu farasi," namjibu.

Anacheka hadi anajifuta macho.
Gombosuren hacheki.
Anataka kujua ile chupa iko wapi,
ilikuwa ya mama yake.