Tarehe ya Karani

Alikuja Jumanne, akapanda ghorofa tatu za Mtaa wa Biashara,
akakaa kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa,
akasubiri pumzi imfikie,
kisha akafungua kiberiti.
Ndani hamkuwa na njiti. Pamba, na juu ya pamba, jiwe.

"Ganeti," nikasema.
"Ndivyo mtoto anavyoliita."
Mtoto yuko Doha, hupanga vitanda hotelini,
na huko amesikia kila mwezi una kito chake:
mama ni wa Januari, basi ganeti ni haki yake.
Akanunua. Jiwe likapanda ndege na shoga aliyekuja likizo,
likafika kwangu mimi, sonara
niliyerithi jiko, koleo na madeni ya marehemu Hirji.

Nikaomba kitambulisho, daftari ladai.
Mkawasi Mwandoe. Kuzaliwa: mosi Januari.
Nikacheka kidogo puani.
Nairobi hii imejaa watu wa mosi Januari
ambao Januari haikuwaona wakizaliwa.

"Hiyo ni ya karani," akasema.
"Karani wa Voi, kalamu yavuja, foleni yafika mlangoni.
Aliniuliza siku. Nikamwambia, mama alisema
vuli ilikuwa imeanza,
mbaazi zina maua,
na mbuzi wa mjomba alipotea usiku huo huo.
Akanitazama. Akaandika moja, akaandika moja,
akaita: Mwingine!"

Vuli. Nikahesabu kimoyomoyo: Novemba.
Nikavuta droo, nikamtolea kito cha njano,
rangi ya asali iliyoachwa dirishani.
"Hiki ndicho chako, mama, kwa haki ya mbaazi."
Akakitazama
kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu
asiyewahi kula naye.

Nikalichukua lile jingine, jeusi kama kokwa ya tende,
nikaliinua mbele ya taa.
Likawaka: punje ya komamanga, mbivu, ya katikati.
Ndipo alipopiga paja.
"Haya! Kumbe ni haya!
Kwetu Kasighau yalibaki korongoni mvua ikipita,
tukiyatia kwenye manati, tukifukuza ndege mtamani.
Kuna nyani mmoja, baba,
alitoroka na mahindi yetu na vito vitatu mgongoni."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso.
Kisha akanyamaza, akageuza kitambulisho,
akakigeuza tena.

"Nimepikia watoto wa shule Makadara miaka thelathini
kwa tarehe hii. Mshahara uliijua.
Nimejifungua Pumwani nayo, nimemzika mume nayo,
pensheni, ilipokubali kuja, ilikuja ikiiulizia.
Leo niiweke wapi?
Tia jekundu."

Nikampima kidole. Mwiko umekivimbisha fundo:
pete ikipita hapo, shinani itacheza.
Kwa hiyo fedha, si dhahabu, na vishikizo vinne,
na ndani nitie tone mbili za kuibana.
Jiwe nililiweka mwisho, bangili za moto zikishapoa,
maana ganeti, kwa wekundu wake wote,
moto wa ghafla huipasua.

Tone moja ni la fedha.
Mahali pa la pili, upande wa ngozi, pasipoonekana,
nilizamisha chembe ya njano, ndogo kama ufuta.
Sikumwambia. Hakulipishwa.

Akaivaa Ijumaa, akainyoosha mkono dirishani,
chini wauza vitambaa wakigombania kivuli.
"Inanifinya kidogo hapa," akasema.
"Itakuzoea," nikasema.

Mia nane zilizobaki, akaahidi,
atatuma mwisho wa mwezi.
Sikuuliza mwezi upi.